Njoo Jumatatu

Tabora,
Jumanne, 14 Januari 2025.

Mama mpendwa,

Shikamoo. Naahidi kukueleza kila kitu katika barua hii, hata lile ambalo mkono unasita kuliandika. Mimi na Mama Mdogo Agnetha tu wazima. Mgongo wako unaendeleaje? Mahindi yamestahimili mvua huko Bukene?

Ile fomu ya chuo cha utunzaji wa kumbukumbu bado haina saini yako. Najua ungependa niwe muuguzi. Najua pia usivyowapenda watu wa ofisi tangu walipokuzungusha mara tatu kwa karatasi za marehemu Baba. Ndiyo maana nataka uwajue hawa wa ofisi ya ardhi, ninaowasaidia kupanga mafaili huku nikingoja matokeo ya mtihani.

Hapa kila siku ina sura yake. Bwana Shomari wa mapokezi husema Jumatatu ni mama mkwe: unamwamkia kwa heshima, ila akiaga humshiki mkono abaki. Jumanne na Jumatano kazi hupamba moto. Alhamisi Mkuu hutia saini, basi hata mvivu utamwona anakimbia na mafaili kifuani. Ijumaa ni vitenge na vicheko, na Bi Getruda, mhazili wetu, hutania kwamba ikifika adhuhuri hata Wakristo wa Moravia huaga kwenda msikitini.

Bi Levina wa masijala ndiye ninayemstaajabia. Jumatatu hufungua dirisha kabla ya wote, kwa kuwa wanavijiji wameingia mjini Jumapili na wamelala kwa jamaa. Ijumaa halifungi mpaka benchi libaki tupu. Nilimuuliza kwa nini hachoki. Alinijibu kwamba mtu wa Sikonge haijui Ijumaa ya ofisini, anaijua barabara ndefu aliyoijia. Faili lolote analipata kabla mwenyewe hajamaliza kutaja ukoo wake. Mama, ungemwona, ungempenda.

Sasa lile la aibu. Ijumaa iliyopita Bi Levina aliitwa kwa Mkuu, akaniachia dirisha. Akaja Mzee Vedasto, mfuga nyuki wa ndani kabisa ya Sikonge, akiulizia hati ya kiwanja chake. Ndani walikuwa wanakata keki ya Bi Getruda na wananiita. Faili lake nilikuwa nimelipanga mwenyewe asubuhi. Nilimwambia halionekani, njoo Jumatatu. Maneno yale yale, Mama, uliyoambiwa wewe.

Jana alirudi, tope limemfika magotini. Bi Levina alitoa faili papo hapo, akamuuliza ni nani aliyemrudisha Ijumaa. Mzee alinitazama, kisha akasema macho yake siku hizi hayashiki sura za watu. Akanishukuru hata mimi! Nilishindwa kula mchana.

Jioni nilimwambia Bi Levina ukweli. Hakunigombeza. Alifuta kaunta iliyokuwa safi tayari. Kisha akasema barua ya kunipendekeza chuoni anayo, ameshaiandika, lakini hataitoa kwanza. Alisema mtu anayefaa kuamua ni yule aliyewahi kusimama upande wa pili wa dirisha. Nilipomwambia kuwa mama yangu amesimama huko mara tatu, akaniambia basi nimwandikie mama yangu, nisimfiche kitu.

Nimefanya hivyo. Sijitetei. Ila Ijumaa hii dirisha ni langu tena, amenipa mwenyewe, na nimeazimia kutoondoka hata kama wataniita kwa pilau.

Wasalimie majirani wote na wanakwaya wenzako, na Mama Mdogo anakuamkia. Fomu nimeiweka ndani ya bahasha hii, na anayekuletea atarudi Tabora keshokutwa. Nijibu kupitia kwake. Kwa haya uliyoyajua, Mama, ungekubali karatasi za Baba zishikwe na mtu kama mimi?

Mwanao akupendaye,
Julieth