Aliyeigusa Kompyuta Yangu

Homa Bay,
Jumapili, 9 Machi 2025.

Kwa kaka yangu mpendwa Werema,

Natumaini barua hii itawakuta wewe, wifi Emmah na watoto mkiwa wazima hapo Migori. Je, kikohozi cha mama kimepungua? Mwambie mvua imefika huku pia, na kwamba ninakula vizuri. Mwili wangu hauna neno, ila moyo haujatulia. Ningekupigia simu, lakini najua ningekata kabla ya kufika mwisho.

Ni habari ya ile kompyuta ya michezo uliyoniundia. Mwezi wa kwanza nilikueleza jinsi inavyokwama katikati ya mechi: skrini inageuka buluu yote, yanatokea maandishi meupe, halafu inajizima na kujiwasha upya. Uliniambia nipulize vumbi, nipime joto, niweke upya programu ya kadi ya picha. Nilifanya yote. Ilikaa sawa siku mbili, ikarudia. Siku ya mchujo wa mashindano ya Kisumu nilikuwa naongoza mabao mawili kwa bila, dakika ya themanini, ikaja buluu. Ushindi akapewa mpinzani wangu.

Tangu siku hiyo nikaanza kuwashuku watu. Fundi Nyarangi wa hapa stendi aliifungua, akasema haoni kitu. Nikaondoka nikiamini amenibadilishia kipuri. Kisha nikamgeukia Celestine, yule Msabato ninayeishi naye. Hapendi kelele za michezo, na nikaona kama buluu huja zaidi siku anazoshinda nyumbani. Nikabandika unywele mmoja juu ya kifuniko cha kompyuta, nikaenda kazini. Niliporudi, unywele haukuwepo.

Nilimkuta akichambua dagaa wa omena, nikamuuliza alikuwa anatafuta nini mle ndani. Akasema, "Robi, mimi hata sijui hiyo kitu inawashiwa wapi. Nilipanguza tu, kwa sababu ulisema vumbi ndiyo inaiharibu." Sikumwamini. Kesho yake, alipokuwa akioga, nikapekua mkoba wake. Nilipata Biblia, kitana na risiti ya viatu. Alitoka bafuni akanikuta nimeushika. Jumapili iliyofuata akahamia kwa shangazi yake Rusinga.

Kompyuta ikaendelea kujizima, na Celestine hayupo. Basi nikakushuku wewe, kaka. Nikajiuliza kwa nini uliniachia mashine nzuri vile bila kudai chochote, nikasema lazima ulijua ni mbovu. Nisamehe kwa hilo kabla sijafika kwenye kubwa.

Uliniuliza mara mbili kama kuna kitu nimeongeza ndani. Mara mbili nilikujibu hapana. Nilikudanganya. Shule zilipofunguliwa, toleo jipya la mchezo lilikuwa zito, nikatoa RAM moja, kile kijiti cha kumbukumbu, kwenye kompyuta ya maabara ya shule ninakofanya ukarani, nikaichomeka kando ya zako. Nilijiambia nitairudisha mashindano yakiisha. Buluu ilianza wiki ile ile. Nadhani nilijua, lakini kuichomoa kungekuwa kukiri, na ilikuwa rahisi zaidi kumtafuta mwingine.

Mwezi wa pili wakagundua RAM haipo. Funguo za maabara anazo Mzee Omanga, ambaye amefanya kazi pale tangu hatujazaliwa. Wakamsimamisha. Barua yake ya kusimamishwa niliichapa mimi, nikampelekea kwa mikono yangu.

Jumatano iliyopita nikaichomoa ile RAM. Haikuwa ya kasi moja na zako, ndiyo maana mashine ilikuwa ikikwama. Nilicheza saa tatu mfululizo, skrini haikutikisika, nami nikalia.

Ijumaa nilimfuata Mzee Omanga shambani kwake. Alikuwa akipalilia. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, na ile RAM iko mkononi ndani ya bahasha. Akaegemea jembe, akasema, "Nyathina, mwanangu, siku ile ya barua uliniletea na chai. Mimi nilimwambia mke wangu kwamba wewe peke yako ndiye ulinihurumia."

Tuliandamana hadi kwa mwalimu mkuu, nikarudia maneno yale yale. Kesho mzee anarudi kazini. Mimi nimeambiwa nisifike hadi bodi ikutane, na sitarajii kurudishwa. Celestine nimempigia mara nne, hajashika. Nitamfuata Rusinga, hata kama hatanifungulia mlango.

Tafadhali usimwambie mama. Nitakuja Alhamisi, nataka asikie kutoka kinywani mwangu. Nakuomba tu uwe umeketi karibu nitakapoanza kusema.

Msalimie wifi Emmah, wape watoto mkono wangu mmoja mmoja, na majirani wanaoniulizia uwaambie nipo.

Ni mimi dada yako,
Robi