Jicho Lililooshwa Kabla ya Kipimo

Mikumi

Mama, shikamoo. Kabula mdogo wangu, wewe unayemsomea, soma polepole na usiruke mstari.

Bahati imeniangukia, Mama. Mwanao wa darasa la sita nimechukuliwa maabara huko Kilosa, upande wa macho. Koti jeupe, kalamu mfukoni, wauguzi wananiita mtaalamu. Mimi mzima, nyumbani hamjambo? Jicho lako linaendeleaje? Na ng'ombe wanapata majani?

Sasa sikia maajabu. Kumbe kirusi cha jicho hakionekani kwenye darubini yetu. Bakteria ukimwekea chakula kwenye kisahani, kesho kutwa amejaza ukoo. Kirusi anasusa, anataka kitu kilicho hai. Basi unavuta kope ya chini, unapitisha kijiti cha pamba, unakitia kwenye kichupa chenye maji yake, kinasafirishwa na barafu hadi maabara kubwa. Huko mashine inapasha moto, inapoza, inapasha tena, na kila mzunguko alama ya kirusi inanakiliwa mpaka ionekane. Nikauliza, "Inajuaje inakili ipi?" Dada wa maabara akacheka: "Kaka, wewe ungesoma ungetusumbua."

Alikuja mgonjwa mmoja kutoka Mikumi, Msukuma mwenzetu, sura nzuri sana. Kwa vile mama yake alimfunza kwamba haendi mtu kwa mganga na matongo, alinawa kwa sabuni, akasuuza jicho kwa maji ya chumvi, akatia na dawa ya dukani.

"Mjomba, umetuoshea kipimo," dada akamwambia.

Kweli, majibu yakarudi hayana kitu. Ikabidi aje tena hajanawa, na benchi zima likamhama.

Mara ya pili wakakipata: kirusi kile cha vidonda vya mdomo, kimeshaingia kwenye kioo cha jicho. Ile dawa ya dukani inaondoa wekundu haraka, lakini kirusi hicho inakifungulia mlango.

Mama, chupa niliyokutumia na basi ni dawa hiyo hiyo. Usitie tena hata tone. Kabula, mpeleke hospitali kesho asubuhi, asioshe jicho, na chupa mwende nayo waione.

Mnisalimie Baba Mdogo Shija huko machungani, na Shangazi Nyanzala na kwaya yake.

Mama, sina kazi maabara. Nimedanganya. Naosha vyombo hotelini, na mgonjwa yule ni mimi. Jicho la kushoto naona ukungu tu.

Mwanao,
Masanja