Kikwaruzi wa Ukurasa wa Tisini na Mbili

Jumatatu, 3 Machi
Mhariri wa gazeti kanipa kitabu nikihakiki: ndege wote wa ukanda wetu, jalada moja. Mwandishi — baba mkwe! Nikamwambia huyo ni baba wa mume wangu. Akasema ndiyo vizuri, hutamwonea. Haya.

Jumanne, 4 Machi
Kusema kweli, mzee kafanya kazi. Picha kachora mwenyewe — manyoya unatamani kuyapapasa. Kila ndege kapewa majina ya lugha zote za huku, hata yale ya matusi kidogo. Ila ramani! Bundi kamweka katikati ya ziwa. Na kwenye faharasa, ukimtafuta njiwa unapelekwa kwa tai. Maskini njiwa.

Jumatano, 5 Machi
Ukurasa wa tisini na mbili: kikwaruzi. "Haonekani, husikika tu. Hulia mara mbili alfajiri: kriii — kwe! Jumapili hukaa kimya, sababu haijajulikana." Kasikika mtaa mmoja tu duniani. Wetu! Mzee alipokuja kwetu kuuguza goti.
Ni geti letu. Mume wangu akilifungua kwenda kuoka mikate, kriii. Akilifunga, kwe. Jumapili hana zamu.
Nimecheka mpaka nikakaa chini.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemwonyesha mume wangu. Chai ikamtokea puani. Halafu akanywea — miaka yote hii baba anahangaika na kitabu, leo umuumbue gazetini? Nikamwambia kinataka kuingizwa mashuleni, watoto wafundishwe geti? Hatukuelewana. Jioni namkuta anapaka bawaba grisi. Eti anaficha ushahidi!

Ijumaa, 7 Machi
Baba mkwe kapiga simu, furaha tele. Kesho alfajiri anakuja na wakaguzi wawili wa vitabu vya shule. Wanataka kumrekodi kikwaruzi.
Mume wangu kashika kichwa.

Jumamosi, 8 Machi
Geti limefunguka kama pazia. Kimya. Mume wangu kaenda kazini — kakimbia, tuseme ukweli. Mzee kasimama uani na koti la sherehe, sikio juu. Wakaguzi wakaanza kupiga miayo. Mzee akanigeukia: "Mwanangu, wewe unamsikia kila siku. Hebu waigizie." Kinasa sauti kikanielekea mdomoni.
Nimeomba nikanywe maji. Naandika jikoni, nimesimama.
Mama mkwe, aliyekuja na mzee, kanifuata. Kafunga mlango. Kaninong'oneza: "Wewe toa kriii, uivute kidogo. Ile kwe niachie mimi."