Si Kifua Kikuu Kinachomutesa Yakobo

Uvira

Mama mukwe wangu mupenzi,

Mungu asifiwe. Muko wazima huko Bijombo? Magoti yanawaachia mulale? Na Debora wangu, anakula vizuri? Huku tuko. Miye situlii: nikikaa nasimama, nikisimama naenda mulangoni kusikiliza bunduki ziko upande gani.

Mama, ile kikohozi ya mutoto wenu Yakobo, mume wangu, si kifua kikuu. Dawa za kifua kikuu alikunywa bure, homa ikazidi. Dokta akaangalia makohozi kwa mikroskopi, akaniita nami nichungulie. Niliona nyuzi nyembamba zenye matawi, sawa mizizi ya majani. Alisema ni kijidudu cha udongo, sisi wote tunakivuta na vumbi na hakitufanyi kitu. Lakini ile dawa ya figo Yakobo aliyokunywa muda murefu ilipunguza uvimbe, ikapunguza na nguvu ya mwili ya kujitetea. Basi kikaingia kwa mapafu. Hawezi kumuambukiza muntu. Anapaswa kunywa vidonge vya sulfa miezi mingi, bila kuruka hata siku.

Ujumbe wenu ulipofika, kwamba waasi wanachukua ng'ombe na Yakobo apande milimani haraka, nilikuwa nimeenda kuteka maji. Kurudi, kitanda chake kitupu. Nilimukuta kwa muto Kalimabenge, ameegemea jiwe, anahema.

"Unaenda wapi?"

"Kwa Mama. Ng'ombe zitaisha, Naomi."

"Na weye ukiisha?"

Alijaribu kupanda, akaanguka, akakohoa damu. Nikamubeba mugongoni mpaka lopitali, kwa dokta. Watu walitupisha njia wakiziba mudomo, hakuna aliyenisaidia.

Sasa homa inashuka. Jana aliomba ugali mwenyewe, nikatoka inje nikalia. Lakini dokta anaondoka, wageni kama yeye wameitwa kuvuka Burundi sababu ya vita. Alinipa vidonge vyote vilivyobaki, akasema: "Hivi havitoshi. Munifuate Bujumbura." Yakobo anakataa, anasema mwanaume hakimbii akiacha mama yake. Nimeshasemezana na mwenye mutumbwi. Tutavuka ziwa. Atanichukia, lakini atanichukia akiwa muzima.

Munisalimie shemeji Simoni anayebaki na ng'ombe, na dada Rakeli anayenilelea Debora. Mumubusu mutoto.

Mama, sijawahi kuwapinga tangu munipokee nyumbani mwenu. Leo napiga magoti: musimuite tena.

Mukamwana wenu,
Naomi