Salala Si ya Manjano

Pearland, Texas

Shikamoo Baba,

Natumaini barua hii inakukuta barazani, umeshaizungukia michungwa yako na kurudi na malalamiko mapya juu ya wadudu. Miguu ya Mama ikoje? Akisema "haijambo" usikubali. Muulize mara ya pili. Huku sisi sote ni wazima, ila joto la Houston limetuganda kama nguo mbichi. Mjukuu wako Idi nilimpa kalamu akuandikie salamu kwa Kiswahili. Alifikiri sana, kisha akachora chungwa. Nimeliambatanisha.

Utashangaa kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu huwa natoa majibu, na jibu nililolitoa mara ya mwisho ndilo linalonisumbua. Uliponieleza kwamba mdogo wangu Zuhura amepata kazi ya uuguzi katika hospitali moja ya Salala, kule Omani, ulisema, "Dada yake amesoma na yuko nje, atakalosema ndilo." Nami, kabla chai yangu haijapoa, nikasema asiende: ni jangwa, ni nchi ya mtawala asiyeulizwa, na wanaishi kwa mafuta ambayo yakikauka na yeye atarudishwa. Nikakushauri uifungie pasipoti yake kabatini mpaka wazo limtoke. Ukafanya hivyo, na Zuhura anatakiwa kuijibu hospitali kabla mwezi huu haujaisha.

Wiki mbili zilizopita tuliendesha gari kwa saa nne na ushei hadi Lewisville, kaskazini mwa Dallas, kwenye harusi ya kijana wa Tanga. Wanawake tulikuwa jikoni tunamenya vitunguu saumu vya pilau. Kando yangu aliketi Bi Salma, Mwomani aliyekulia Salala, ambaye mumewe anasoma huku. Kiswahili chake amekipata kwa bibi yake aliyezaliwa Unguja. Nikamsimulia habari za Zuhura, nikitaraji aniunge mkono.

"We mwana wa Tanga," akasema bila kuinua kisu, "hilo jangwa la Salala umeliona wapi?"

"Kwenye ramani ya baba yangu."

"Basi mwambie baba ramani yake haijapata mvua."

Jikoni wakacheka. Mmoja akasema, "Msomi leo kashikwa." Bi Salma akafuta vidole na kunionyesha katika simu mama mkwe wake akiwa na mwavuli, nyuma yake kilima cha kijani kimezama kwenye ukungu kama milima yetu ya Amani asubuhi. Kuanzia Juni hadi Septemba pepo za kusi huleta manyunyu katika vilima vile, na watu wa nchi jirani huja kwa magari kulikimbia joto lao. Wana minazi, Baba. Wana migomba na mipapai, na dafu huuzwa kando ya barabara. Naikumbuka ile ramani uliyoichora mwenyewe ukutani mwa darasa la sita, Bara Arabu yote ukaipaka manjano kwa sababu chaki ya kijani ilikuwa imekwisha. Sikulaumu. Mimi ndiye niliyepita vyuo viwili na rangi ile ile kichwani.

Ulitufundisha kuisoma nchi kwa maswali matatu: ardhi ikoje, nani anatawala, watu wanakula nini. La kwanza nimelikosa. La pili nimelipata nusu. Neno la mwisho ni la Sultani, na vyama vya siasa hakuna. Lakini lipo baraza lenye sehemu mbili, moja wajumbe wake huchaguliwa kwa kura na nyingine huteuliwa na Sultani, na wilayani yupo liwali anayepokea mashitaka ya watu. Liwali, Baba. Sisi tumemwacha katika vitabu vya historia, wao wana foleni mlangoni kwake.

Katika la tatu sina hakika kama nilikosea. Mafuta na gesi bado vinabeba mzigo mkubwa wa nchi, ingawa wanajenga bandari, wanavua na kukaribisha watalii; ubani nao bado unagemwa kwenye vilima vya huko. Serikali yao inataka kazi zishikwe na wananchi, uuguzi ukiwemo, kwa hiyo huenda Zuhura akamfundisha mtu atakayechukua nafasi yake. Lakini mimi ninayeyasema haya naishi katika mji ulionona kwa mafuta vilevile, na nilikaa miaka kwa kibali chenye tarehe ya kwisha. Hukunifungia mimi kabati.

Bi Salma hakunichorea bustani ya peponi. "Ni nchi ya watu," alisema. "Kibali cha kukaa kinatoka kwa mwajiri, kwa hiyo mkataba ausome mpaka mwisho kabla ya kutia saini. Na pasipoti akae nayo mwenyewe. Mtu akimwambia 'nipe nikutunzie,' akatae, hata awe mpole vipi."

Nikaitikia kwa kichwa kama mtu mwenye busara. Kitunguu kilichofuata sikukimenya. Tunaomtunzia Zuhura pasipoti yake ni sisi, na mpole aliyelitoa wazo hilo ni mimi.

Nimejiuliza tangu siku ile kwa nini jibu langu lilikuwa jepesi hivyo. Sidhani ni jangwa. Kila asubuhi Zuhura anampima Mama presha kabla ya kwenda kazini, na mimi hulala vizuri nikijua hivyo. Nadhani nilitaka abaki ili mimi niweze kutokuwapo. Huenda najihukumu kupita haki. Huenda pia palikuwa na mapenzi ndani yake. Lakini mapenzi yenye ufunguo wa kabati si ya kuachiwa yaamue peke yake.

Kwa hiyo, Baba, nalirudisha jibu langu, na sileti jingine mahali pake. Akienda, habari ya Mama tutaizungumza mimi na wewe, na zamu ya kwanza ya kurudi nyumbani itakuwa yangu. Akibaki, abaki kwa kauli yake.

Mwamkie Mama, na shangazi ambaye najua ndiye atakayesomewa barua hii wa pili. Msalimie kaka na mkewe, na jirani yetu fundi cherehani anayeniombea kila Ijumaa. Zuhura msalimie wa mwisho, ukiwa umeshafungua kabati na kumwekea pasipoti yake mkononi.

Mwanao, mwanafunzi wako wa darasa la sita,
Mwanaisha