Utomvu Juu ya Maua ya Dhahabu

Jumamosi, 13 Aprili 1912

Nimepima kaniki asubuhi yote. Mvua. Wateja wachache, matope mengi mlangoni. Kahawa iliyoanikwa nimeiingiza ndani, nimeitoa, nimeiingiza tena.

Wapagazi wanaoniletea mzigo kutoka Bukoba hawajafika. Nikaha yangu ni Ijumaa ijayo. Mwanaidi, mchumba wangu, alitaja mahari yake mwenyewe mbele ya baba yake, Mzee Shebwana: cherehani mpya, nyeusi, yenye maua ya dhahabu. Hataki ng'ombe wala mikufu. Anataka kushona kanzu aziuze. Mzee ameridhika. Dada yake Mzee, Bi. Zuhura, hajaridhika. Yeye ana mtu wake anayetaka amwoe Mwanaidi, mfanyabiashara wa ngozi. Amesema hadharani kwamba cherehani ikifika na doa, hiyo si mahari bali masazo, na posa yangu imekwisha.

Ninaogopa. Njia ni ndefu na mvua haiachi.

Jumapili, 14 Aprili

Wamefika. Kiongozi wao, Rwiza, Mnyambo, mwenyeji wa huku Kanoni, alianza kucheka kabla hajatua mzigo. "Bwana, hakuna tone lililoingia! Hata moja!" Turubai ilichanika njiani. Akagema utomvu wa omutoma, ule mti wa nguo za magome, akaziba matundu yote. Nikamshukuru. Nikampa chumvi.

Kisha nikafungua. Kweli, hakuna tone la maji. Lakini utomvu umepenya turubai ukafika kwenye karatasi iliyofunga mashine, na karatasi imegandamana na rangi. Ubavu mmoja mzima ni karatasi na uchafu wa kahawia unaonata. Maua hayaonekani.

Nimekaa sakafuni. Rwiza alikuwa bado anacheka uani. Nimeshindwa kumwambia.

Jumatatu, 15 Aprili

Nimejiwekea sharti. Kila dawa ijaribiwe kwanza chini ya kitako cha mashine, pasipoonekana, ambako utomvu pia umefika. Kamwe isianzie juu ya maua.

Kisu. Mkwaruzo mara moja. Nimekiweka mbali.

Maji ya uvuguvugu na sabuni. Karatasi imelainika, imetoka vipande vipande. Vizuri. Utomvu umebaki palepale.

Mafuta ya taa. Utomvu umelegea. Nikafurahi. Kisha nikatazama kitambaa: cheusi. Ni rangi yenyewe inayotoka. Nimeosha haraka sana. Ingekuwa juu, ua lote lingekwenda.

Alasiri Bi. Zuhura amekuja kununua chumvi. Nikamwamkia, shikamoo.

"Marahaba, bwana harusi. Mbona unanuka kama kandili?"

Akataka kuiona mashine. Nikamwambia ataiona Alhamisi, siku ya kukabidhi mahari.

"Kumbe maua yenyewe hayajachanua?"

Wanawake waliokuwa dukani wakacheka mpaka wakashika meza. Namchukia. Nimeandika hivyo na sifuti.

Jumanne, 16 Aprili

Majivu laini: yanakwaruza. Ndimu: bure. Maji ya moto zaidi: utomvu umevutika tu, ukaenea mahali palipokuwa safi. Nimejiharibia.

Mzee Shebwana amepita. Nimemwonyesha. Hakukasirika, na hilo ndilo limeniuma. Amesema Mwanaidi angeipokea hata hivyo. Lakini Bi. Zuhura ndiye aliyemlea binti tangu mama yake alipofariki, na neno lake limesikiwa na watu. "Siwezi kumvuka, mwanangu."

Sikula.

Jumatano, 17 Aprili

Nimepata! Nimepata!

Nilikuwa namenya ndizi za mchana. Vidole vikaanza kunata, nikazitukana ndizi. Hapo nikamkumbuka mama, kwetu Pangani, akipasua fenesi. Kwanza alipaka mafuta ya nazi viganjani na kwenye kisu. Ulimbo wa fenesi haukumshika. Na ukimshika, hakugusa maji. Alirudia mafuta, akasugua polepole, ukatoka.

Huku hakuna nazi. Siagi ipo. Nimenunua kibuyu, nimeiyeyusha ikawa samli, nimeichuja kwa kitambaa kizito. Ilikuwa na vumbi na nywele za ng'ombe, na punje moja ya mchanga inatosha kuharibu kila kitu.

Nimepaka chini ya kitako. Nimengoja. Nimefuta.

Kitambaa kimekuja cha kahawia. Si cheusi. Cha kahawia!

Ndipo nikathubutu juu. Sikusugua. Nimelaza kitambaa kilicholowa samli juu ya utomvu, nikaisogeza mashine mlangoni kwenye jua kidogo lililokuwepo, nikaenda kuuza shanga kana kwamba sina shida duniani. Niliporudi, nimesukuma kwa kidole gumba tu. Utomvu umejiviringa kama uzi na kuanguka. Chini yake petali. Kisha petali nyingine. Nimepiga kelele peke yangu. Jirani ameuliza kama nimeumwa na siafu.

Palipokuwa pagumu nimerudia. Nusu imekwisha. Sina haraka tena.

Alhamisi, 18 Aprili

Asubuhi nimemaliza. Nimeosha mafuta kwa maji ya sabuni, nimekausha, nimepangusa kwa kanzu yangu kuukuu iliyolainika. Maua yote yapo. Hata mstari mwembamba wa pembeni upo.

Bi. Zuhura amekuja na Mzee Shebwana, pamoja na watu ambao hakuna aliyewaalika. Sikuficha kitu. Mahari haitolewi kwa hila. Nimeeleza utomvu, nimeeleza samli.

"Doa lilikuwa wapi?"

"Tafuta, Bibi."

Ametafuta. Amepitisha ukucha kila mahali. Ameiinamia mpaka pua ikagusa chuma. Ameipeleka mashine kwenye mwanga, akaigeuza, akairudisha. Mimi nimesimama nimekunja mikono, na nakiri, nilikuwa naona raha kubwa.

"Inanuka samli," akasema.

"Harufu itaisha, Bibi."

Kisha nimempindulia mashine mwenyewe, nimemwonyesha mkwaruzo wa kisu chini. Nilitaka ajue yote. Ameutazama kwa muda. Ameangalia watu.

"Nani anashonea chini?" akasema. "Ni mpya. Chukueni, mnatazama nini?"

Nimeshinda. Nimeshinda mbele ya soko zima.

Ijumaa, 19 Aprili

Nikaha baada ya sala. Mwalimu aliyefungisha ameuliza mahari, nimeitaja kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Pilau imetosha watu wote. Bi. Zuhura mwenyewe amenipakulia nyama, rundo zima, bila kunitazama.

Jumapili, 21 Aprili

Mvua imekatika. Mwanaidi ameweka cherehani karibu na dirisha. Ameniomba nishike ncha ya kitambaa ili kisiburuzike chini. Nimeshika. Amezungusha gurudumu taratibu, akasimama, akautazama mshono, akaendelea.

Nimeshika mpaka mshono ukaisha. Duka nimelifungua adhuhuri.