Mlango wa Wakwe

Mpendwa mama,

Zawadi wako amejifungua salama! Nimeanza na hilo kwa sababu najua huko uliko ndilo ungeuliza kwanza. Leo ndiyo nimeshusha pumzi.

Unaikumbuka ile nyumba ya zamani ya kusubiria wajawazito, pembeni mwa zahanati ya Mwamgongo? Walioijenga hawakumuuliza mtu, wakaweka mlango mmoja tu. Ulicheka hadi ukashika kiuno: "Nilale humo na binti yangu, mkwe wangu alete chakula, tupishane wapi?" Kwetu mama mkwe na mkwewe hawakutani uso kwa uso. Basi kina mama waligoma kusindikiza binti zao, binti nao wakabaki majumbani, nyumba ikawa ya mbuzi. Zawadi akamzaa mtoto wake wa kwanza sakafuni kwako, damu ikakataa kukata. Bado nakuona ndani ya boti ya kwenda Kigoma, umempakata, unamgombeza asilale. Alipona, lakini aliposhika mimba nyingine mimi ndiye niliyekosa usingizi.

Kwa hiyo kijiji kiliponiita nichore nyumba mpya, sikuanza na karatasi. Nilifanya kama wewe ulipojenga jiko: ulilaza fito chini, ukatuambia tuingie tujifanye tunapika, "tuone nani atamkanyaga nani." Nilisubiri siku za mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wakiwa wamepumzika, ili wanaume nao wawepo. Nikatandaza kamba za nyavu mchangani. Kina mama wakaingia, wakajilaza, wakajifanya wana uchungu. Mama, tulicheka! Mara Yohana, mume wa Zawadi, akaja na sufuria tupu kama anayeleta chakula, na mama mdogo, anayetulea badala yako, akawa anatoka. Alijifunika kanga usoni, akageuka mbio.

"Mmeona?" akasema, ametupa mgongo. "Hapa siji, hata mnibebe."

Yohana mwenyewe akaisogeza kamba, akafungua njia ya pili upande wa migomba.

"Wakwe tupite huku. Tunaweka sufuria, tunabisha, tunaondoka."

Mama mdogo alifikiri kidogo. "Ego," akakubali, kwa Kiha chake.

Madirisha nayo yakazua ubishi, maana nani azae akitazamwa na mitumbwi? Tukayapandisha juu.

Nyumba ikaisha, na Zawadi akaapa hakanyagi. Alisema nyumba hizo anazijua, ni za mbuzi. Mama mdogo hakubishana naye. Alifunga mzigo wake: "Mimi nakwenda kulala huko. Wewe baki." Zawadi akamfuata, amenuna kweli kweli.

Amepata mtoto wa kike. Damu ilitaka kuleta ukaidi wake wa zamani, ila safari hii muuguzi alikuwa jirani. Simu ilinikuta nyumbani Katubuka, huku Kigoma mjini, nikalia, nikacheka, kisha nikatamani nikupigie wewe. Hapo ndipo kifo chako kiliponiuma upya, katikati ya furaha.

Leo nimekuja kumchukua akapumzike kwangu. Nimemkuta amejinyoosha kitandani, mtoto kifuani, kikombe cha uji mkononi. Nikamwambia boti inatusubiri.

"Mwambie mwenye boti aende," akasema, akajivutia shuka. "Hapa mimi sitoki leo."

Pumzika, mama. Nasi tunapumzika.

Binti yako mkubwa